Je, wajua kwa nini kuna sarafu za dola zisizo na maandishi ukingoni?

Wengi wetu dola tunayoijua ni ya noti, lakini Marekani wana dola moja ya sarafu pia, ya rangi ya dhahabu, na mtu aliyeko kule anaweza kurudishiwa kama chenji kwenye mashine ya tiketi. Hata Ecuador, ambao wanatumia dola kama hela yao, wanazo kibao mtaani. Sasa baadhi ya hizi sarafu zina makosa ya kiwandani na wakusanyaji wanazilipia vizuri, ndo maana mitandaoni kumejaa video za kukuambia una utajiri mfukoni, na nyingi ni uongo mtupu. Dawa yake ni moja tu, ujue kwanza sarafu inatengenezwaje.

Chukua zile dola za marais, zilizoanza Februari 2007 na George Washington. Kisahani kitupu kinawekwa katikati ya mihuri miwili (vyuma vilivyochongwa picha), kinagongwa kwa nguvu, upande mmoja inatokea sura ya rais na upande wa pili Sanamu ya Uhuru. Hapo ukingo bado ni laini kabisa. Mwaka, herufi ya kiwanda (P ni Philadelphia, D ni Denver) na maneno E PLURIBUS UNUM (Kilatini, "kutoka wengi, mmoja") na IN GOD WE TRUST ("tunamtumaini Mungu"), vyote hivyo vilikuwa vinaandikwa ukingoni na mashine nyingine kabisa, yaani sarafu zikishagongwa zinakusanywa kwenye makontena halafu ndo zinapelekwa huko. Kumbe kuna makontena yalirukwa! Yakaenda moja kwa moja kuhesabiwa na kufungwa, na maelfu kwa maelfu ya Washington yakaingia mabenki yakiwa na ukingo mtupu usio na maandishi, hasa kule Florida. Watu wakaziita "dola zisizo na Mungu", wengine wakaamini kabisa serikali imemtoa Mungu kwenye hela makusudi. Za mwanzo ziliuzwa mamia ya dola, halafu zilipoonekana ni nyingi bei ikaporomoka. Baadaye Bunge la huko likaagiza yale maneno ya Mungu yatoke ukingoni yahamie kwenye uso wa sarafu, na tangu 2009 yapo upande wa sura.

Za John Adams, rais wa pili, zikaja na shida iliyo kinyume, kuna zilizopita kwenye mashine ya ukingo mara mbili, kwa hiyo ukiizungusha taratibu chini ya taa unaona herufi zimepandana, na nyingine seti moja inasomeka wima na ya pili kichwa chini.

Ila usichanganye hapo. Maandishi ya ukingoni kusimama kichwa chini ukilinganisha na sura SIO kosa, maana sarafu zinaingia kwenye ile mashine zikiwa zimelala upande wowote, karibu nusu zinatoka hivi na nusu vile. Na ile 1789-1797 unayoiona kwa Washington ni miaka yake ya urais, sio mwaka wa kutengenezwa, maana kuna watu wanaipost wakidhani wameokota mali ya karne ya 18.

Feki nazo zipo, mtu anachukua sarafu ya kawaida anasaga ukingo mpaka herufi zinaisha. Hapa mizani ndogo na vernia kalipa ya mafundi (kifaa cha kupimia upana) inamaliza ubishi, dola halali ina kipenyo cha milimita 26.5 na uzito wa gramu 8.1, iliyosagwa lazima ipungue, tena ukiweka lenzi unaona mikwaruzo ya chombo.

Kosa ninalolipenda kuliko yote ni la 2000, dola ya Sacagawea, yaani ile yenye sura ya mwanamke wa asili ya Marekani akiwa na mtoto mgongoni. Nyuma kuna tai na ONE DOLLAR kama kawaida, lakini mbele badala ya yule mama aliyebeba mtoto kuna kichwa cha Washington cha sarafu ya senti 25, na imeandikwa QUARTER DOLLAR. Muhuri wa senti 25 ulifungwa kwenye mashine ya dola, na kwa vile saizi zimekaribiana (ile ni milimita 24.26) ukaingia. Na cha ajabu haina mwaka popote, kwa sababu kwenye dola mwaka ulikuwa mbele na kwenye senti 25 za kipindi hicho ulikuwa nyuma, zikakutana pande mbili zisizo na mwaka. Zinazojulikana ni kama 20 hivi na zimeshauzwa mnadani kwa zaidi ya dola 100,000. Ndo maana matapeli wanachonga sarafu mbili na kuzibandika, kwa hiyo tafuta mstari wa kiungo pale ndani ya ukingo.

Kwa alama nyingine zote angalia kitu kimoja, imeinuka au imezama? Muhuri ukichimbika, chuma kinajaa kwenye lile shimo na alama inatokea imeinuka juu ya sarafu. Kuna Sacagawea za 2000 za Philadelphia ambazo tai ana mstari umemkata kifuani, umeinuka, hilo ni kosa la muhuri kweli. Mkwaruzo uliozama kwa kawaida ni ajali ya baada ya kiwandani, na haiongezi hata senti. Na ukibahatika kuipata ya kweli tafadhali usiisugue wala kuiosha na limao, iache na uchafu wake, mnunuzi akiona imesafishwa anashusha bei hapo hapo.