Je, wajua kwa nini kuna mall kubwa mlangoni kabisa mwa Msikiti wa Makka?

Wengi wanaorudi kutoka umra au hija wanasimulia kitu hikihiki, kwamba ukitoka Msikiti Mtukufu kwa mlango wa King Abdulaziz unavuka uwanja tu, ghafla uko ndani ya mall yenye viyoyozi na ngazi za umeme, maduka ya dhahabu, udi, saa, nguo, supamaketi ya Bin Dawood, sehemu za kula, na wapo wanaokwazika kabisa wakauliza hivi biashara imefikaje hapa jirani na Al-Kaaba?

Kwanza biashara Makka haijaanza juzi. Mji uko bondeni katikati ya milima ya mawe, hakulimiki, hata dua ya Nabii Ibrahim kwenye Qur'an inalitaja bonde lisilokuwa na mimea, kwa hiyo Makureshi, kabila lililokuwa likiishi hapo Makka, waliishi kwa misafara yao ya kusi na kaskazini, Yemen wakati wa baridi na Sham (Syria na jirani zake) wakati wa joto, pamoja na masoko ya msimu wa hija kama Ukadh na Dhul-Majaz. Uislamu ulipokuja baadhi ya Waislamu wakaona vibaya kuuza na kununua katika msimu wa ibada, ndo ikateremka aya ya 198 ya Suratul Baqara, kwamba si dhambi kwenu kutafuta fadhila za Mola wenu. Yaani hujaji kununua zawadi ni ruhusa ya tangu enzi za Mtume (s.a.w).

Sasa kwa nini iwe mall, tena ndefu hivyo? Ardhi. Kila mgeni anataka alale karibu na Haram, yaani huo Msikiti Mtukufu, na bonde halitanuki, basi wakajenga kwenda juu. Mall iko chini ya Abraj Al-Bait, minara 7 iliyoshikana, ule wenye saa una mita 601 na mradi ulikamilika 2012. Na kitu ambacho wengi hawakijui, majengo yale ni wakfu, Wakfu wa Mfalme Abdulaziz, lengo ni mapato yake yahudumie ile misikiti miwili mitukufu, wa Makka na wa Madina.

Lakini pale palikuwa na ngome ya Ajyad, ya Waturuki wa Osmania, imekaa juu ya kilima tangu karne ya 18. Mwaka 2002 ikabomolewa na kilima chenyewe kikasawazishwa, Uturuki ikalalamika sana. Mimi hapo naumia kwa kweli, maana hoteli na maduka vingeweza kutafutiwa namna nyingine ila ngome ile haitarudi tena.

Ukiingia ndani ya mall utaona kitu ambacho kwenye mall za kwingine hakipo. Adhana ikilia maduka mengi yanashusha milango, na Haram ikijaa watu wanatandika misala hapohapo kwenye korido, muuzaji na mnunuzi safu moja, halafu salamu ikitolewa biashara inaendelea. Bei ziko juu lakini, kwa hiyo tasbihi na misala za kupeleka nyumbani wengi wanazifuata mitaa ya mbali kidogo kama Aziziyah, na usishangae msala wenyewe ukiwa umetengenezwa China au Uturuki.

Kingine, ukiwa bado kwenye ihramu, yaani ile hali ya ibada ya umra au hija, usisogelee wauza manukato, wana tabia ya kukupaka mkononi ujaribu na manukato ni haramu kwako mpaka utoke kwenye ihramu. Na kama ni hija, shopping yote iishe kabla ya tawafu ya kuaga, yaani kuizunguka Al-Kaaba kwa mara ya mwisho, kwa sababu tawafu hiyo inatakiwa iwe jambo la mwisho kabla ya safari, kununua chakula au kitu cha njiani wanazuoni wameruhusu, ila ukirudi kuzunguka madukani masaa mazima wengi wanasema unatakiwa uirudie.