Mpira wa endoskopi hauzibi pumzi
Mbeya na Iringa bado wako wanaokimbia endoskopi, kipimo cha tumbo cha mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni, wakiamini mpira ule utawaziba pumzi. Hauzibi. Unapita kwenye umio, nyuma ya njia ya hewa, na unene wake ni takribani milimita 10 tu. Cha kuogopa hasa ni chakula tumboni: kikipanda wakati koo lina ganzi ya dawa, kinaweza kuingia mapafuni. Basi usile kwa saa zisizopungua 6 kabla ya kipimo. Chai ya maziwa, hata kikombe kimoja kwenye baridi ya Tukuyu, ni chakula. Maji matupu yakome saa 2 kabla ya kipimo. Ukilazwa ubavu wa kushoto, ng'ata kile kipande cha plastiki utakachowekewa mdomoni, pumua taratibu kwa pua, mate yaache yatoke yenyewe, usiyameze. Ukimaliza, usinywe kitu mpaka ganzi iishe.