Kura ni siri yako, ila imeshapita kwa watu wengi kabla hujafika kituoni

Kila tukienda kutoa elimu ya mpiga kura lazima atokee mtu anyooshe mkono aseme, sasa mtaalamu, kura si ni mimi na karatasi yangu tu, habari za majirani na ndugu na upweke zinaingiaje hapo? Ni swali zuri, na mi mwenyewe niliamini hivohivo miaka mingi tu kabla sijaanza kusoma hizi tafiti. Kwenye kale kachumba ka kupigia kura kweli uko peke yako. Ila kuanzia kujiandikisha, kukumbuka tarehe, kuamka mapema, kuvumilia foleni, mpaka kuamua huyu anafaa yule hafai, kote huko kuna watu wameshapita kichwani mwako wakaacha neno. Na kama hamna aliyepita, hilo nalo lina matokeo yake, na ndo hasa nataka tuliongelee leo.

Nianze na waliofiwa. Mwaka 2014 watafiti walichapisha kazi yao ya jimbo la California, Marekani, walichukua kumbukumbu za wapiga kura karibu milioni 6 wakazioanisha na kumbukumbu za vifo, wanataka kujua kitu kimoja tu, mume au mke akifa, yule anayebaki anaendelea kupiga kura kama zamani? Wakakuta haendelei. Hata msiba ukishapoa, kwenye kila 100 wa namna hiyo kuna kama 9 ambao wangeenda kituoni endapo mwenzao angekuwa hai, na sasa hawaendi, na inaonekana wengi wao hawarudi tena. Fikiria kidogo hapo. Chama anachokipenda kinaweza kuwa kilekile, hasira zake na serikali zilezile, kadi anayo kwenye droo. Kilichopungua ni yule mtu wa kumwambia asubuhi, we vaa viatu twende, jua litakuwa kali.

Kuna jaribio lingine huwa nalipenda kwa sababu limefanywa kwa akili sana, lilifanyika Denver na Minneapolis, miji ya Marekani, mwaka 2002, matokeo yake yakachapishwa 2008. Watu wa utafiti walienda kwenye nyumba zenye wapiga kura wawili, wanagonga, anayefungua ndo anaongeleshwa. Nyumba hii anahimizwa akapige kura, nyumba ile anaongeleshwa habari za kutenganisha taka, hiyo ya taka ni ya kulinganishia tu. Sasa uzuri wake, baada ya uchaguzi hawakuishia kwa aliyefungua mlango, wakamwangalia na yule aliyebaki ndani, ambaye labda alikuwa amelala au anaangalia tivii na hata hakujua nani kagonga. Wakakuta kama asilimia 60 ya ule msukumo alioupata wa mlangoni umemfikia na wa ndani. Yaani umemhimiza mmoja, umepata mmoja na zaidi ya nusu. Sasa anayeishi peke yake hana wa kumpelekea huo msukumo na hana wa kumletea, akigongewa akiwa hayupo ndo basi.

Alafu kuna ile barua ya jimbo la Michigan, hukohuko Marekani, hii nikisimulia watu huwa wanacheka kwanza alafu wananyamaza. Ilikuwa uchaguzi wa mchujo, ule wa kupata wagombea wa vyama, wa Agosti 2006. Watafiti walituma barua za aina 4 kwenye kaya kama 80,000, nyingine karibu 100,000 hazikutumiwa chochote. Barua ya kwanza ilisema tu kupiga kura ni wajibu wa raia, ile lugha tunayoipenda sisi maofisa. Ya mwisho ndo ilikuwa kiboko. Unafungua bahasha unakuta jina lako, chini yake majina ya majirani zako, na mbele ya kila jina imeandikwa kama alipiga kura au hakupiga kwenye chaguzi mbili zilizopita, alafu inamalizia kwamba uchaguzi ukiisha tutatuma orodha mpya kwako na kwa majirani. Hebu jiweke hapo mlangoni na hiyo karatasi, jina lako mbele halina kitu na la jirani unayemsalimia kila siku limejaa. Wasiotumiwa chochote walipiga kura kwa asilimia 29.7, waliopata hii ya majirani wakafika 37.8. Ile ya wajibu wa raia iliongeza chini ya pointi 2. Kwa hiyo miaka yote tunawahubiria watu wajibu, kumbe kinachowatoa ndani ni jirani atanionaje. (Sisemi tuige, kuanika rekodi za watu ni jambo la kutisha na nchi nyingi sheria haikuruhusu, nasema tu imetuonyesha nguvu iko wapi.)

Hapo ni kujitokeza tu. Je, kumchagua nani? Mwaka 1940 timu ya mtafiti Paul Lazarsfeld ilikaa Erie County, jimbo la Ohio, Marekani, kuanzia Mei mpaka Novemba, wakawa wanawarudia watu walewale kama 600 mara kwa mara, uchaguzi wa rais kati ya Roosevelt na Willkie. Enzi hizo redio ndo ilikuwa inaogopwa kama tunavyoogopa mitandao saivi, kwamba mtu mwenye kipaza sauti atawageuza watu anavyotaka. Wakakuta kampeni inageuza wachache sana. Wengi walikuwa wanaelekea kule waliko watu wao, wa nyumbani, wa kazini, wa kanisani, na habari za redio na magazeti zilikuwa zinafika kwa mtu mmoja mfuatiliaji kwanza, alafu yeye ndo anawatafunia wenzake. Kila familia ina huyo mtu, na kama kwenu humjui basi kuna uwezekano ni wewe.

Sasa tuje kwa asiye na watu. Kwanza tusichanganye maneno, upweke ni hisia, unaweza kuwa nao hata kwenye nyumba ya watu 10, na kutengwa ni hali ya kuhesabika, una watu wangapi wa kuongea nao na mnaongea mara ngapi. Shirika la Afya Duniani liliripoti mwaka 2025 kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, kwa hiyo hatuongelei vituko vya watu wachache.

Kwenye semina zetu tuna zoezi dogo. Tunamwambia kila mtu chukua karatasi, andika majina ya watu ulioongea nao mambo ya uchaguzi mwezi huu, kuongea ile ya kujibizana, siyo kusikiliza tu. Wengi wanaandika majina 3 au 4, haraka. Siku moja mama mmoja wa makamo alikaa na karatasi yake nyeupe muda mrefu, wenzake washamaliza wanapiga stori, mwisho akaniita kwa mkono nikamsogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, mtangazaji wa redio naye nimhesabu? Nikamuuliza huwa mnaongea? Akasema, yeye anaongea, mimi huwa namjibu. Sikucheka na wala halikuwa jambo la kuchekesha, maana alikuwa ananitajia mtu pekee anayemfikia kila siku na habari za uchaguzi.

Shida ya hali ile ni kwamba mtangazaji hawezi kumwambia mama umesikia vibaya. Chukulia uvumi. Inaingia sauti kwenye simu kwamba tarehe ya kupiga kura imesogezwa, au watu wa umri fulani hawatahudumiwa. Mwenye watu anaipeleka kwa shemeji, shemeji anamwambia acha ujinga wewe, mimi nimetoka kuulizia leoleo, imeisha hiyo. Asiye na watu anabaki nayo. Anaisikiliza mara ya pili, ya tatu, na kila akiirudia inazidi kuonekana ya kweli, na siku ya siku anabaki nyumbani na mgombea wake anapoteza kura bila mtu kuiba chochote. Watu wanadhani aliyejitenga ndo mpiga kura huru kuliko wote kwa kuwa hamna anayemshika sikio, mi naona ni kinyume kabisa, huyo ndo rahisi kushikwa na sauti moja kwa sababu hamna ya pili.

Na wakati mwingine habaki nyumbani, anaenda, ila anaenda na kiu. Watafiti Noam Gidron na Peter Hall waliangalia takwimu za nchi nyingi za Ulaya wakakuta wanaojiona wamekatika na jamii, wasio na imani na watu wala marafiki wa kutembeleana nao, wako karibu zaidi ama kutopiga kura kabisa ama kupigia vyama vya mrengo mkali, wa kulia na hata wa kushoto. Uingereza naye mtafiti Diane Bolet alifuatilia baa, zile za mtaani ambazo watu walikuwa wanakutana baada ya kazi, akakuta maeneo ambayo zilifungwa watu walielekea zaidi kukiunga mkono UKIP, chama cha mrengo mkali wa kulia kilichotaka Uingereza itoke Umoja wa Ulaya. Usitoke hapa ukasema baa inaleta demokrasia, wapo watakaofurahia sana hiyo sentensi! Kilichofungwa pale ni sehemu ya kukaa na mtu msiyefanana mawazo mkaongea mpira kwanza, siasa baadaye. Ikishaondoka hiyo, anayekuja na kusema nyie mmesahaulika na mimi nawaona anakuwa kama ndugu aliyerudi safari. Mtu aliyekaa bila kuulizwa hali miezi kadhaa, leo kavishwa tisheti, anaitwa kamanda, grupu la simu linaita tangu alfajiri, we unadhani sera ndo zimemvuta?

Mpaka hapa mtu anaweza kuondoka anaamini dawa ni vikundi, basi tuunde vikundi vingi. Taratibu. Kuna utafiti wa Shanker Satyanath na wenzake, ulichapishwa 2017, waliingia kwenye kumbukumbu za miji zaidi ya 200 ya Ujerumani ya miaka ya 1920, wakahesabu vikundi vya kwaya, vya mazoezi, vya wafugaji, vya mchezo wa kuviringisha tufe, vitu vya kawaida kabisa. Miji iliyokuwa na vikundi vingi ndo chama cha Nazi kiliingia haraka zaidi. Ukaribu uleule unaomfanya mwenzako akuamini ukimwambia twende mazoezi, unamfanya akuamini ukimwambia njoo kwenye mkutano wetu jioni. Ila walikuta pia kwamba Prussia, ambako serikali ya jimbo ilikuwa imetulia kidogo, uhusiano huo ulikuwa dhaifu. Kwa hiyo vikundi ni kama barabara, inategemea na nani anapita, na kama kuna askari njiani.

Mi huwa naangalia mchanganyiko kuliko wingi. Mtu ana watu 30 wa kuongea nao, wote ukoo mmoja na chama kimoja, huyo bado yuko na sauti moja, imeongezwa volyumu tu. Na niseme ukweli, mchanganyiko nao una gharama. Kule Ohio 1940 waliovutwa huku na huku, labda nyumbani wanasema hivi kazini vile, walichelewa sana kuamua na wengine hamu ya uchaguzi iliwaisha kabisa, na miaka mingi baadaye mtafiti Diana Mutz alionyesha jambo linalofanana, wenye marafiki wa upande wa pili wanawaelewa wapinzani vizuri zaidi lakini wanakuwa wazito kujitokeza maana hawataki kuudhi mtu. Wenzangu wengine kazini hili linawasumbua sana. Mimi bora yule anayechelewa kuamua kwa sababu anamfikiria rafiki yake, kumtoa ndani siku ya kura hiyo kazi tunaiweza.

Watu wa karibu wanaweza pia kukubana, ndo maana usiri wa kura ulibuniwa, na si wa zamani sana kama watu wanavyodhani, Victoria na Australia Kusini ndo walianza na karatasi rasmi za siri mwaka 1856. Kabla ya hapo sehemu nyingi ulikuwa unataja kwa mdomo, mwenye shamba amesimama anasikia. Na Kenya mwaka 1988, kwenye mchujo wa KANU, chama pekee kilichoruhusiwa wakati huo, watu walipanga mlolongo nyuma ya wagombea wao au mawakala wao mchana kweupe, bosi anaona, chifu anaona, shemeji anaona. Pale uhusiano wako wote na watu unageuka kamba. Saivi mlolongo umerudi kwa mlango wa nyuma, mtu anaambiwa piga picha karatasi yako utuonyeshe, na nchi nyingi zinakataza hilo.

Yule mama aliuliza tena wakati wa kutoka kama aliandika sawa. Nikaikagua karatasi, alikuwa ameandika mtangazaji, alafu chini yake, kwa kalamu nyingine ya kuazima, jina la mwanamke aliyekaa naye benchi moja siku ile. Nikamwambia huyo wa pili anahesabika, ila mchukue namba yake kabla hajapanda gari.