Anayekosa Shule Siku Moja Moja: Kwa Wazazi na Walimu wa Lamu

Mzazi akiulizwa kama mwanawe anasoma, hujibu kwamba anasoma, na husema kweli: jina limo kwenye rejista, sare ipo, vitabu vipo. Lisiloulizwa ni hili: muhula huu amefika darasani siku ngapi?

Muhula wa wiki 13 una siku 65 za masomo, kabla ya kutoa sikukuu na mapumziko ya katikati. Mtoto anayekosa siku moja tu kwa wiki amekosa siku 13, yaani moja ya tano ya muhula. Akienda hivyo kuanzia gredi ya kwanza hadi ya sita, atafika kwenye KPSEA, tathmini ya kitaifa ya gredi ya sita, akiwa amekosa zaidi ya mwaka mzima wa masomo, na muda wote huo hakuna aliyemwita mtoro. Wanaofuatilia mahudhurio huanza kuingiwa na wasiwasi mtoto anapokosa asilimia 10 ya siku. Katika muhula wa siku 65, hiyo ni siku ya saba. Ikifika siku hiyo, mzazi na mwalimu wanapaswa kuwa wameshakaa kitako na kulizungumza, hata kama kila siku iliyokosekana ilikuwa na sababu yake.

Siku moja inaumiza kuliko inavyodhaniwa kwa sababu masomo ya madarasa ya chini yameshikana. Chukua hesabu ya 52 toa 27. Jumanne mwalimu anaeleza kwamba mbili haitoshi kutolewa saba, kwa hiyo tunakopa kumi moja upande wa makumi. Jumatano watoto wanafanya mazoezi, Alhamisi wanaingia kwenye mafumbo ya duka na chenji. Aliyekosa Jumanne ataandika 35, kwa kuwa amegeuza na kutoa ndogo kwenye kubwa: saba toa mbili, tano. Ukiona daftari lenye makosa ya namna hiyo mfululizo, kabla ya kusema mtoto ni mzito, fungua rejista uangalie siku somo hilo lilipofundishwa. Kusoma nako ni vivyo hivyo. Wiki ya silabi za mba, nda, ng'a na nywa ikimpita mtoto wa gredi ya kwanza, atasoma “mama” na “kaka” vizuri kisha akwame kwenye “mbuzi”, na akikwama mbele ya wenzake mara tatu nne, atatafuta sababu ya kubaki nyumbani. Kiingereza ndicho kibaya zaidi, maana kwa watoto wengi wa Pate, Faza au Kiunga hakisikiki sana nje ya darasa.

Kalenda ya bahari na kalenda ya shule

Hapa Lamu watoto hawakosi shule ovyo ovyo. Hukosa kwa majira, na anayeyajua majira anaweza kujitayarisha mapema.

Muhula wa kwanza, Januari hadi mwanzoni mwa Aprili, huangukia majira ya upepo wa kaskazi. Bahari imetulia, samaki na kamba wanapatikana, wageni wanakuja Shela na mjini, na kila mkono nyumbani una kazi ya kufanya. Miaka hii mwezi wa Ramadhani nao umeingia katika muhula huohuo, kwa kuwa hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Upepo wa kusi ukishika bahari inachafuka na wavulana wanaonekana tena darasani, lakini wanarudi na mapengo ya muhula mzima, na muhula wa pili hausubiri mtu. Kwa hiyo shule inayotaka kuinua mahudhurio iweke nguvu zake Januari. Kuitisha mkutano wa wazazi mwezi wa Juni ni kuchelewa.

Ndani ya majira hayo kuna bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na hukaa siku chache. Katika pwani yetu maji ya bamvua hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi. Mwamba unaachwa wazi, pweza na chaza wanachukulika kwa mguu, na saa hizo ndizo za masomo. Mwalimu wa kijiji kinachotegemea mwamba na afanye jambo moja rahisi: achukue rejista ya miezi miwili, aiweke kando ya kalenda ya Kiislamu, atazame kama alama za kukosa zimejikusanya karibu na tarehe 1 na 15. Zikiwa zimejikusanya hapo, ameshapata sababu, na ataacha kupoteza muda kuwahubiria wazazi umuhimu wa elimu, jambo ambalo wengi wao wanalijua.

Dawa yake iko ufukweni. Pweza wa mtoto ana thamani kwa sababu yuko wa kumnunua. Kamati ya wavuvi na wanunuzi wa kijiji wakikubaliana kwamba siku za shule hakuna atakayenunua chochote kwa mtoto kabla ya saa tisa u nusu alasiri, safari ya mwambani inapoteza faida yake asubuhi. Makubaliano haya husimama tu ikiwa wanunuzi wote wameingia. Akibaki mmoja nje, watoto watamwendea yeye, na wenzake watavunja ahadi ndani ya wiki. Bamvua likiangukia Jumamosi, mtoto aende na jamaa zake. Kuijua bahari ni sehemu ya malezi yetu na hakuna anayetaka kuiondoa.

Familia zinazohamia dago, yaani kambi ya wavuvi, wakati wa kaskazi zina shida ya aina nyingine. Mtoto huondoka na wazazi kwa wiki nyingi, jina linabaki shule ya nyumbani, na kule waliko hasomi. Kabla ya kuondoka, mzazi apite kwa mwalimu mkuu achukue barua inayotaja gredi ya mtoto na mahali masomo yalipofikia, kisha aipeleke shule iliyo karibu na dago. Kama karibu na dago hakuna shule, mtoto wa msingi abaki kwa nyanya, shangazi au jirani anayeaminika, na jina na simu ya huyo anayemlea vifike shuleni, maana ndiye atakayepigiwa mtoto asipoonekana.

Bara, kuelekea Mpeketoni na Witu, shida ni mahindi yanapokaribia kukomaa na nyani wakaanza kuingia shambani. Huko wazazi wamegundua kupeana zamu: nyumba nne au tano zenye mashamba yanayopakana humweka mtu mzima mmoja alinde kwa siku, na watoto wote wakaenda shule.

Alasiri ya Ijumaa nayo ni ya kuangaliwa. Watoto wanatoka kwa ajili ya sala na baadhi hawarudi. Shule ikikubaliana na imamu na walimu wa chuo cha Kurani kuhusu saa ya kurudi, na kipindi cha kwanza baada ya sala kikawa cha michezo, kusoma hadithi au kazi ya mikono, wanarudi. Kipindi hicho kikiwa mara kwa mara ni cha kufagia uwanja, watakosa, na hakuna wa kuwalaumu.

Yanayomrudisha mtoto mlangoni

Baadhi ya utoro tunautengeneza wenyewe. Mtoto aliyechelewa kwa kuteka maji, au kwa kungoja chombo cha kuvuka, akipigwa au kusimamishwa nje ya lango hadi saa nne, kesho akichelewa atageuza njia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza adhabu ya viboko na ya kumdhalilisha mtoto. Anayechelewa aingie, aandikwe kuwa amefika na saa aliyofika, kisha aulizwe kwa upole wakati wa mapumziko. Akichelewa mara tatu kwa wiki, mzazi aitwe. Mara nyingi suluhisho ni dogo: maji yatekwe jioni, hasa miezi ya ukavu, maji ya mvua kwenye jabia, yaani birika, yanapopungua na foleni ya kisimani kurefuka.

Kumrudisha mtoto nyumbani kwa ajili ya pesa ya mtihani au ya mlinzi ni kosa lingine. Masomo ya msingi ya umma hayalipiwi tangu 2003, na michango mingine yoyote, hata iliyoidhinishwa, haiwezi kuwa sababu ya kumzuia mtoto asiingie darasani. Mtoto aliyerudishwa Jumatatu mara nyingi huonekana tena Jumatatu inayofuata: siku tano zimekwenda kwa deni la siku moja. Deni ni la mzazi, na mazungumzo yawe na mzazi.

Kwa wasichana wa gredi ya tano na ya sita, mwalimu wa kike aangalie kama wanakosa siku mbili tatu kila mwezi. Marekebisho ya mwaka 2017 ya sheria hiyohiyo ya elimu yanaipa serikali wajibu wa kuwapa sodo bila malipo wasichana wa shule za umma waliobaleghe. Sodo zikifungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu mwanamume, hawataziomba. Zikae kwa mwalimu wa kike, na choo cha wasichana kiwe na komeo, maji na pipa lenye kifuniko. Choo kisichofungika ni sababu tosha ya msichana kubaki nyumbani.

Rejista isomwe, isijazwe tu

Shule nyingi huangalia wastani, na wastani unaficha. Darasa la watoto 40 kwa wiki mbili lina mahudhurio 400. Yakiwa 364, hiyo ni asilimia 91, na mwalimu anaridhika. Lakini zile 36 zilizokosekana zinaweza kuwa za watoto wanne tu, kila mmoja akiwa amekosa siku tisa kati ya kumi. Kila Ijumaa mwalimu wa darasa ahesabu kwa jina, si kwa jumla, na kando ya kila siku iliyokosekana aandike sababu kwa neno moja: homa, bahari, maji, pesa, harusi, haijulikani. Baada ya mwezi, neno linalojirudia litamwonyesha pa kuanzia.

Siku ya kwanza mtoto asipofika, muulize jirani yake wa darasa. Siku ya pili piga simu au tuma ujumbe nyumbani. Siku ya tatu mtu aende, awe mwalimu, mjumbe wa bodi ya shule au mzee wa mtaa. Asiende kwa vitisho, swali la kwanza liwe “Mtoto yu mzima?” Sheria inamtaka mwalimu mkuu achunguze mwanafunzi asipohudhuria, na mzazi anayemzuia mtoto bila sababu ya msingi, baada ya ilani ya bodi ya elimu ya kaunti, anafanya kosa. Ni njia ya mwisho, na nyumba ikishaambiwa habari za mahakama, milango hufungwa.

Mtoto akirudi, siku ile ya kwanza ndiyo inayoamua kama atafika ya pili. Apate mahali pake pa kukaa, asitajwe mbele ya darasa, na mwalimu ampe dakika 15 kila siku kwa wiki moja kwa yale mawili matatu yaliyompita, si yote. Zawadi ya “hakukosa hata siku moja” tunaishauri iachwe. Huleta wagonjwa shuleni, na aliyekosa siku moja Januari hana tena cha kupigania. Msifu aliyetoka siku tatu kwa wiki akafika nne.

Nyumbani, mengi yanaanzia usiku. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri alale saa mbili usiku, na simu ya mzazi isilale naye. Usiku wa harusi au wa Maulidi kesho yake ikiwa shule, mtu mmoja nyumbani apewe kazi ya kuwaondoa watoto mapema. Katika Ramadhani, watoto wadogo wanaoamshwa daku walale mara baada ya futari, na wapate usingizi mfupi alasiri.

Kuhusu ugonjwa, mafua madogo bila homa hayamzuii mtoto kwenda shule. Homa inamzuia, na apelekwe kupimwa malaria siku hiyohiyo, maana kungoja siku tatu nyumbani kunageuka wiki kitandani. Anayeharisha au kutapika abaki hadi apite siku nzima bila dalili. Mwenye tetekuwanga angoje malengelenge yote yakauke, na mwenye surua siku nne tangu vipele vitokee. Mzazi atume habari asubuhi, kabla ya rejista kuitwa.

Ikiwa mtoto anakosa kwa sababu anaajiriwa, anapigwa, au kuna maneno ya kumwoza, jambo hilo limeshapita uwezo wa mwalimu wa darasa. Liende kwa chifu na afisa wa watoto siku hiyohiyo, au mtu yeyote apige 116, simu ya watoto isiyo na malipo, na aombe jina lake lisitajwe ikiwa anahofia majirani.