Je, wajua? Ukigongwa kwa nyuma kichwa chako hakirushwi nyuma

Mi miaka yote nilijua gari likigongwa kwa nyuma kichwa kinarushwa nyuma, kinarudi mbele, shingo kwisha. Na kile kimto cha juu ya siti nilijua ni cha kusinzilia kwenye foleni, nikawa nakishusha mpaka mwisho maana kilinisumbua. Kumbe yote mawili sivyo.

Kinachoondoka ni mwili. Chukulia dada katoka kisimani na ndoo kichwani, anatembea zake, mara mtoto anakuja mbio anampiga kikumbo mgongoni, dada anaenda mbele, ndoo inadondokea nyuma yake. Ndoo haijaruka, imeachwa tu. Sasa kichwa ni ndoo ya kama kilo 4.5 hadi 5 ila hii imefungwa kwenye shingo, siti inasukuma mgongo, ndoo inabaki, na shingo ya katikati ndo inalipa deni la wote wawili.

Na wala haipindi upande mmoja! Shingo ina pingili 7, za chini zinavutwa kwanza na mabega zinapinda kwa nyuma, wakati huo huo za juu zinainama mbele, yaani kwa kitambo kidogo unakuwa na shingo ya herufi S. Yote ndani ya kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, misuli inakuja kukaza kazi imeshaisha. Kano na vile vifundo vidogo nyuma ya pingili vimeshavutika kupita kawaida.

Eksrei ikitoka safi haimaanishi mtu anajifanya, maana eksrei inaona mifupa, sio nyama, na maumivu mara nyingi yanakuja baada ya masaa au kesho yake. Ila mikono ikifa ganzi au kukosa nguvu, hospitali hapo hapo.

Maumivu ya miaka ndo yana ubishi. Utafiti wa Lithuania wa 1996 ulikuta waliogongwa kwa nyuma, baada ya mwaka 1 hadi 3, wanalalamika shingo karibu sawa na wasiogongwa, japo wakosoaji wakasema wengi wao hawakuumia tangu mwanzo, hoja ambayo naona ina uzito.

Kimto sasa: kiwe juu usawa wa utosi na karibu na kisogo, ili siti ikisukuma mgongo kichwa nacho kisukumwe hapo hapo, kisiachwe. Changu nimekipandisha. Bado kinanisumbua.