Ugonjwa wa wasiwasi hauchagui mwenye pesa

Kuna ujumbe hauishi kuzunguka kwenye magrupu ya huku Mwanza: eti ugonjwa wa wasiwasi ni wa Wazungu na matajiri, mtu wa ziwani hana muda wa kuugua mawazo. Si kweli.

Mwaka 2019 watu wapatao milioni 301 duniani walikuwa na magonjwa ya wasiwasi ya aina mbalimbali, maskini na matajiri. Wanawake hupata karibu mara mbili ya wanaume. Ni kweli tafiti za nchi tajiri huhesabu wagonjwa wengi zaidi, na nadhani hapo ndipo uvumi ulipopata mguu. Ila wengi zaidi si wote.

Kinachochanganya ni kwamba kila mtu huwa na hofu. Mama anayeanika dagaa pale Kirumba akitazama wingu jeusi, hofu yake ina sababu. Dagaa wakikauka, inaisha. Ugonjwa ni pale jua linawaka, dagaa wameuzwa, ada imelipwa, na bado moyo hautulii, siku nyingi kwa miezi 6 au zaidi. Usingizi hauji, shingo inakaza, uchovu hauishi. Wengine hupima malaria mara tatu wakitafuta jibu.

Ukitaka kuhakikisha, muulize mhudumu wa afya. Yapo maswali 7 mafupi kuhusu wiki 2 zilizopita. Hayatoi jibu la mwisho, ila yanaonyesha kama uchunguzi unahitajika. Na tiba ipo, ya mazungumzo na ya dawa.

Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.