Swali la mbunge kwa waziri: linavyoandikwa, linavyojibiwa, linavyokwepwa

Kila asubuhi Bunge linapokutana Dodoma, dua ikishasomwa na hati zikishawekwa mezani, Katibu huita maswali. Wengi wetu tunakijua kipindi hiki kwa kukisikia: mbunge anasimama, Naibu Waziri anasoma jibu, linafuata swali la nyongeza, yanapigwa makofi, tunakwenda kwa mwingine. Yanayosikika pale ni sehemu ndogo tu ya kazi. Swali la msingi liliandikwa mapema, likapelekwa kwa Katibu wa Bunge, likapitiwa kuona kama linakidhi Kanuni za Kudumu, kisha likatumwa wizarani. Huko lilishuka mpaka kwa mkurugenzi, mara nyingi mpaka halmashauri, kutafuta takwimu. Jibu nalo likaandikwa, likapitiwa na wakubwa, ndipo likafika mikononi mwa anayelisoma.

Kwa hiyo maswali ya bungeni ni shughuli ya maandishi kabla ya kuwa shughuli ya mdomo. Sisi tunaofanya kazi ya kuwaelimisha wananchi kuhusu Bunge tunaulizwa sana kama maswali haya yana faida yoyote, maana majibu yanafanana mwaka hadi mwaka. Yana faida kubwa. Ila faida hiyo inategemea jinsi swali lilivyoandikwa na kama kuna mtu anayelikumbuka jibu lake.

Msingi wake uko kwenye Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Ibara ya 63 inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na katika kutaja njia za kufanya hivyo, njia ya kwanza ni kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ibara ya 100 inamlinda anayeuliza: uhuru wa majadiliano bungeni hauhojiwi mahakamani wala mahali pengine nje ya Bunge. Hivyo waziri anapojibu hamfanyii mbunge hisani. Anatimiza deni la kikatiba.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi vya kutosha. Swali haliombi kura. Mbunge wa chama tawala anayepinga muswada wa Serikali anagombana na chama chake, lakini anayeuliza fedha za maji zimekwenda wapi hajapinga chochote. Ameuliza tu. Katika Bunge ambalo chama kimoja kina viti karibu vyote, njia hii ina thamani kubwa kuliko tunavyoipa.

Tuje kwenye mfano, maana hapa ndipo mambo yanapoharibika. Chukua kijiji ambacho wananchi wamechanga, wamefyatua tofali, wamesimamisha boma la zahanati hadi usawa wa renta, kisha wakasubiri Serikali iezeke. Mvua zinapiga kuta, miaka inapita. Mbunge wao anaandika: “Je, ni lini Serikali itamalizia boma la zahanati lililojengwa kwa nguvu za wananchi?” Anayesoma Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za majadiliano ya Bunge, anajua jibu kabla halijatolewa. “Mheshimiwa Spika, Serikali inatambua na kuthamini juhudi za wananchi. Serikali itaendelea kutenga fedha kwa ajili ya kumalizia maboma ya zahanati kwa awamu, kadiri ya upatikanaji wa fedha.”

Jibu hilo halina uongo ndani yake. Halina ukweli unaoweza kupimwa pia. Na kosa si la wizara peke yake, kwa sababu “ni lini” inauliza habari za siku zijazo, na siku zijazo hakuna anayeweza kumshikia waziri. “Serikali ina mpango gani” ni hivyo hivyo, kwani mpango haukosekani kamwe, hata kama ni mpango wa kuandaa mpango.

Sasa tuliandike upya: “Je, ni kiasi gani cha fedha kilitengwa katika mwaka wa fedha uliopita kwa ajili ya kumalizia maboma ya zahanati katika Halmashauri hii, ni kiasi gani kilipelekwa hadi tarehe 30 Juni, na ni maboma yapi yaliyokamilika?” Swali hili linauliza yaliyokwisha kutokea. Lina tarehe. Linatenganisha fedha zilizotengwa na fedha zilizopelekwa, na kwa anayejua bajeti zetu, tofauti kati ya hizo mbili ndiyo habari yenyewe. Mwishoni linataka majina ya vijiji, na jina la kijiji linaweza kuhakikiwa na mtu mwenye pikipiki kwa nusu siku. Afisa wizarani anayelipokea hawezi kulimaliza kwa kunakili jibu la mwaka jana. Lazima apige simu kwa mkurugenzi wa halmashauri, naye lazima afungue vitabu. Nimeona mara nyingi jinsi kule kuulizwa tu kunavyoamsha faili lililolala: fedha zilizokwama zinatafutwa kabla waziri hajasimama, ili awe na la kusema.

Majibu ya kukwepa yana msamiati wake, na mwananchi akiuzoea hapotei. “Mchakato unaendelea” lisipotaja hatua wala anayehusika halijasema kitu. “Upembuzi yakinifu na usanifu wa kina umekamilika” ni habari ya kweli na nzuri, lakini haina maana kwamba mkandarasi amepatikana, wala kwamba kuna kasma (kifungu cha bajeti) yenye fedha. “Namuomba Mheshimiwa Mbunge awe na subira” ni kukiri kwamba jibu halipo. “Baada ya kikao hiki nitakutana na Mheshimiwa Mbunge” linasikika kama upole, lakini linalitoa jambo la umma kwenye kumbukumbu za Bunge na kulipeleka kwenye mazungumzo ya watu wawili. Wakati wa bajeti kuna na lile la “hoja nyingine zitajibiwa kwa maandishi”. Hilo ni sawa kabisa, maana muda hautoshi, mradi yale maandishi yafike na wananchi wayaone. Jibu la maandishi likibaki kwenye mkoba wa mbunge, jimbo halijajibiwa.

Majibu ya maandishi yana uzito gani? Nitatoa mfano wa Uingereza, ambako utaratibu wetu wa maswali ulitoka. Kule maswali ya kujibiwa kwa maandishi pekee yalianza rasmi mwaka 1902, kwa sababu ya mdomo yalikuwa yanakula muda wote wa Bunge. Oktoba 1985, Iran na Iraq zikiwa vitani, Waziri wa Mambo ya Nje Geoffrey Howe alilieleza Bunge miongozo ya kuzuia kuziuzia nchi hizo mbili vifaa vya kijeshi ambavyo vingeongeza uwezo wa kuendeleza vita. Agosti 1988 mapigano yalisimama. Desemba mwaka huo mawaziri wadogo watatu, wakiwemo William Waldegrave wa Mambo ya Nje na Alan Clark wa Biashara, walikubaliana kuilegeza miongozo ile. Bunge halikuambiwa. Wabunge waliendelea kuuliza, na majibu yaliendelea kutoka kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Mambo yalifumuka Novemba 1992. Wakurugenzi wa kampuni ya Matrix Churchill ya Coventry walikuwa wameshtakiwa kwa kuuza Iraq mashine za kiwandani, zinazoweza kutengeneza silaha, kinyume cha masharti, na kesi ikaanguka baada ya Clark mwenyewe kutoa ushahidi mahakamani ulioonyesha kuwa Serikali ilikuwa inajua. Jaji Richard Scott akapewa kazi ya kuchunguza. Taarifa yake ilitoka Februari 1996 katika juzuu tano, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuweka majibu ya bungeni upande mmoja na nyaraka za wizara upande wa pili, tarehe kwa tarehe, akaonyesha kwamba Bunge halikupewa habari lililostahili kupewa. Bunge lilipoijadili taarifa hiyo, Serikali iliponea kwenye kura kwa tofauti ya kura moja, 320 kwa 319. Machi 1997 Bunge hilo lilipitisha azimio kwamba mawaziri wanapaswa kutoa taarifa sahihi na za kweli, na kwamba anayelipotosha kwa makusudi anatarajiwa kujiuzulu.

Fikiria kama wabunge wale wasingeuliza, au kama wangejibiwa kwa mdomo pembeni ya ukumbi. Jaji asingekuwa na kitu cha kulinganisha. Majibu yale yaliyokwepa yaliwalinda mawaziri kwa miaka kadhaa, kisha yakawa ushahidi dhidi yao. Ndiyo maana hata jibu bovu lina faida likiwa limeandikwa na lina tarehe.

Nyumbani, kosa linaloua maswali mengi mazuri ni kuyapeleka mlango usio wake. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya wakala wa TANROADS na wizara yenye dhamana ya ujenzi, lakini barabara za vijijini na mijini ziko chini ya wakala wa TARURA, ambao unasimamiwa na TAMISEMI, yaani wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Ukiuliza ya pili kwa waziri wa kwanza, atakujibu kwa adabu kwamba barabara hiyo haiko kwake, na mkutano mzima wa Bunge utakuwa umepita. Maji vijijini ni wakala wa RUWASA, chini ya Wizara ya Maji. Zahanati na vituo vya afya vya halmashauri ni TAMISEMI, ingawa sera ya afya iko Wizara ya Afya. Na kwa Zanzibar, mambo yasiyo ya Muungano yanaulizwa kwenye Baraza la Wawakilishi.

Kanuni nazo zina mipaka yake. Swali lisiwe hotuba, lisibebe maoni ya muulizaji, lisitumie lugha ya kuudhi, lisiguse jambo lililo mahakamani. Mipaka hiyo haimpunguzii mbunge nguvu. Swali fupi lisilo na maoni ndilo linalobana zaidi, kwa kuwa linamnyima waziri nafasi ya kujibu maoni na kuacha swali.

Swali la nyongeza nalo linapotea kwa wepisi wa kusikitisha. Mbunge amejibiwa jibu lisilo na tarehe, anasimama, anashukuru kwa “majibu mazuri ya Serikali”, kisha anauliza habari ya barabara nyingine kabisa. Nafasi imekwenda. Swali la nyongeza limewekwa ili kuziba tundu lililoachwa na jibu la msingi. Kama jibu limesema fedha zimepelekwa, nyongeza ni moja tu: zilipokelewa tarehe ngapi, na kwenye akaunti ipi?

Majirani zetu wametafuta njia zao. Uganda ina kamati ya Bunge yenye kazi ya kufuatilia ahadi zinazotolewa na Serikali bungeni, utaratibu ambao ningependa sana tuuige. Kenya, Katiba ya 2010 iliwatoa mawaziri bungeni, ikabaki kuwaita mbele ya kamati kwa Ibara ya 153. Wabunge waliona pengo la kutokuwa na waziri ukumbini, na baada ya uchaguzi wa 2022 kanuni zikarekebishwa ili mawaziri waje kujibu maswali mbele ya kikao kizima.

Kwa mwananchi, kazi inaanzia kwenye Hansard, ambayo Bunge huiweka kwenye tovuti yake. Tafuta jina la kata au kijiji chako uone liliulizwa lini, nani alijibu, alisema nini. Ukikuta ahadi, inakili neno kwa neno pamoja na tarehe ya kikao. Kisha nenda kaangalie: boma limeezekwa au bado? Piga picha. Mpelekee mbunge wako barua fupi yenye vitu vitatu, yaani jibu lililotolewa, hali ilivyo leo, na swali moja lililoandikwa tayari, lenye kiasi, tarehe na jina la mahali. Ofisi ya mbunge inapokea malalamiko mengi na maswali yaliyo tayari machache sana, kwa hiyo la kwako lina nafasi.

Angalia na kalenda. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kwenda hadi mwisho wa Juni, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Swali kuhusu fedha za mwaka unaokwisha lifike kwa mbunge mapema, kabla hajaondoka jimboni kwenda Dodoma, ili awe na jibu la wizara mkononi siku makadirio ya wizara hiyo hiyo yatakapoletwa kupitishwa.